Vitambaa Vinakatikia Kwenye Mkunjo

Jumanne. Mvua imekataa kunyesha, joto limekataa kuondoka, na mimi nimechoka hata viatu sijavua.

Mimi ndiye msimamizi wa chumba cha kufulia hotelini, na vitambaa vyetu vya meza havidumu. Leo meneja alinipa vilivyoraruka nivikate viwe vya kupangusia mikono. Basi nikakaa dirishani na makasi.

Cha kwanza kilikuwa kimekatika katikati, mstari ulionyooka. Cha pili vivyo hivyo. Cha tano, yawa! Nikakikunja vile tunavyokunja siku zote, na pale palipokatika pakaangukia sawasawa kwenye mkunjo.

Mkunjo wangu.

Miaka tisa nimewafundisha watu kukunja mara mbili, kisha mara mbili tena, na kukandamiza pasi ya moto mpaka mstari usimame. Mahali palepale, kila siku. Niliringa na ule mstari! Dawa ya kung'arisha ingekula kitambaa popote ilipomwagika. Haiwezi kufuata mstari.

Na mimi nililaumu dawa. Yaani nilimlaumu Mama Akoth, anayefua. Wiki mbili zilizopita, kwenye mkutano wa asubuhi, nilisema mbele ya wote kwamba anamimina dawa kama maji na ndiye anayetumalizia vitambaa. Alisimamishwa kazi siku hiyo hiyo. Na alikuwa ameniambia mapema, "Madam, hizi vitambaa tubadilishe kukunja. Leo mara tatu, kesho mara nne, zipumzike." Nikamcheka. Zipumzike, kwani zimelima?

Naona aibu. Sina neno lingine.

Saa kumi nilimpigia simu. Yuko Usenge, kando ya ziwa, kwa dada yake, anaanika dagaa wa omena. Nilimwambia yote, nikasema pole mpaka nikajichosha. Nikasikia wanawake wakicheka huko nyuma yake.

"Madam, ulinisema mbele ya watu," akasema. "Hii pole ya simu mimi niipeleke wapi?"

Akaniaga kwa heshima, na hiyo heshima ndiyo iliyonimaliza.

Meneja bado sijamwambia. Akijua, huenda mimi ndiye nitakayerudishwa nyumbani Kaloleni, na kwa umri huu nani ataniajiri? Nimewaza nimwambie ofisini, mlango ukiwa umefungwa. Nimewaza hata kunyamaza kabisa, nibadilishe mikunjo kimyakimya, vitambaa vidumu, kisha nisifiwe. Ndiyo, hilo nalo nimeliwaza.

Hapana. Kesho kwenye mkutano nitasimama niseme ni mimi. Nimemtumia Mama Akoth ujumbe: saa mbili nitakupigia, nitaiacha simu mezani usikie mwenyewe.

Amejibu sasa hivi.

"Weka spika, Madam. Na mimi niko na la kusema."