Rangi Mbili ya Shangazi

Jumatano, Issenye. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua hainyeshi. Barabara kavu, abiria wapo, na mimi nimeegesha pikipiki uani kama mtu mwenye likizo.

Niseme wazi kabla sijaliharibu jina langu mwenyewe: kutoka hapa mpaka Mugumu hakuna kijana mwenye kichwa kama changu. Akili zingekuwa na pembe, mimi mlangoni ningekuwa napita ubavu ubavu. Niliishia kidato cha pili kwa sababu walimu walikuwa wanapata tabu kunifundisha vitu ninavyovijua. Waliofika cha nne ndio wanaoniletea simu zao niwafungulie. Bodaboda naendesha kwa kupenda tu. Sura tuiache, dada wa saluni wanaijua.

Hayo nimeyaandika ili nipate nguvu.

Kwa sababu chumba cha pili amelala shangazi Bhoke, dada yake baba, aliyenilea tangu niko darasa la kwanza, na uso wake bado haujarudi kuwa wake. Jicho la kushoto limebaki dogo. Keshokutwa anarudi zahanati kusafishwa kidonda, na kadi atakayoishika mkononi imeandikwa uongo. Anayejua kwamba ni uongo ni mimi peke yangu.

Nianze na tovuti.

Wiki kadhaa zilizopita nilimpeleka abiria duka la dawa. Akakawia ndani, nikawa napekua simu. Nikakutana na tovuti moja ya kupanga dawa. Unaandika jina la dawa, inakuonyesha imekaa kundi gani. Juu kabisa kuna herufi. C ni mambo ya moyo, N ni ya neva, J ni dawa za maambukizi. Ukigusa herufi yanafunguka matawi, ukigusa tawi yanafunguka mengine, mpaka unaifikia dawa yenyewe imekaa na ndugu zake. Kiingereza kitupu, lakini ni Kiingereza cha majina, hakina sarufi. Hapo mimi na profesa tunalingana.

Niliielewa haraka kwa sababu ni koo zile zile. Sisi tuliotoka Tarime, mtu akikutajia jina lake bado hajakuambia kitu, unamuuliza ukoo. Ukishaujua ukoo umejua nduguze ni kina nani na hawezi kuoa wapi. Dawa hivyo hivyo. Dawa ikikudhuru, ndugu zake wa ukoo mmoja unawaogopa pia. Jambo hilo nilijifundisha mwenyewe, nimekaa juu ya pikipiki, na mpaka leo naamini nililielewa sawasawa.

Kijiweni wakaanza kuniita Dokta. Mimi nikalipokea jina kama niliyezaliwa nalo. Mwita, ambaye pikipiki yake inawaka kwa maombi, akaniuliza mbele ya watu, "Dokta, mke wangu ananuna siku ya tatu. Dawa yake iko herufi gani?" Nikamwambia N, lakini anayetakiwa kuimeza ni yeye. Walicheka mpaka abiria akachukuliwa na kijiwe cha jirani.

Basi nikavimba kichwa. Mama mmoja akiniambia ana vidonge vya presha, namfungulia matawi. Mzee akisema anakunywa dawa za tumbo, namwonyesha A. Sikuwa nampa mtu dawa, hilo nilijizuia. Nilikuwa nawaonyesha tu na kusikiliza wanavyosema kumbe huyu kijana.

Alhamisi iliyopita shangazi alijikata mguu kwa jembe akipalilia mahindi. Mpaka Jumapili mguu ulikuwa umejaa, una joto, kidonda kinatoa usaha. Alikwenda kanisani akichechemea, akarudi akichechemea zaidi. Nikamwambia nimpeleke zahanati. Akasema Jumapili watu wanapumzika, tutakwenda Jumatatu.

Hapo ndipo Dokta akasimama.

Kila mtu wa nyumba hii anajua jambo moja kuhusu shangazi: hanywi rangi mbili. Alikunywa zamani, mimi sijazaliwa, akavimba, pumzi ikakata, wakamkimbiza kwa mkokoteni wa ng'ombe. Kama aliambiwa jina la dawa, alilisahau. Kilichobaki ni hayo maneno mawili, rangi mbili, na anamtajia kila nesi anayemgusa.

Huku kwetu kapsuli ndiyo rangi mbili. Ukimuuliza mtu rangi mbili ipi, anakuona unamchelewesha. Na mimi kwangu ilikuwa moja tu, ile tuliyokuwa tunaipasua na kumwaga unga wake kwenye kidonda mwaka niliotahiriwa. Tetrasaiklini. Maumivu yale hayasahauliki, na jina lake halikunitoka. Haikunijia hata mara moja kwamba mtu mwingine akisema rangi mbili anaweza kuwa na kapsuli yake nyingine kichwani.

Nikaandika tetrasaiklini kwenye tovuti. Herufi J, tawi la A. Nikachukua bahasha yangu ya kifua cha mwezi uliopita, dozi niliyoiacha katikati nilipojisikia nafuu. Amoksilini. Nikaandika. Herufi J, tawi la C, ukoo wa penisilini. Baba mmoja mkubwa huko juu, lakini nyumba mbalimbali. Nikafurahi kama niliyegundua dhahabu.

Shangazi alikuwa anamaliza kula. Mama Wegesa, jirani yetu, alikuwa ametuletea bakuli la dagaa wa Musoma, na shangazi aliwala na ugali. Nikamwekea kidonge mkononi. Akakipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza. Upande mwekundu, upande wa njano.

"Mbona hii ni rangi mbili, mura?"

Ananiita hivyo, kijana, tangu nitoke jandoni, na akiniita hivyo huwa najiona mrefu.

Nikacheka. Naliandika polepole hili: nilicheka. Nikamwambia rangi ni nguo tu, shangazi, wewe unamtambua mtu kwa shati? Nikamsogezea simu, nikamfungulia matawi, hili lile baya lako, hili hapa la kwangu, ona yalivyoachana. Akaitazama simu. Kusoma hajui. Halafu akanitazama mimi.

"Basi kama umesoma," akasema, akameza.

Basi kama umesoma.

Sikumaliza hata kuosha vyombo. Alianza kujikuna viganja, kisha shingo. Midomo ikajaa. Akasema koo limebana, na alipolisema mara ya pili sauti haikuwa yake. Nilitoka nje nikapiga kelele, Mama Wegesa akaja akikimbia na mikono ina unga. Tulimpakia katikati, yeye nyuma anamshika kwa kanga, mimi mbele. Njia nzima nilikuwa nasikia pumzi ya shangazi inapiga filimbi kwenye sikio langu. Sijawahi kuendesha vizuri kama siku ile, na sina wa kumsimulia.

Zahanati tulimkuta daktari kijana na nesi mmoja. Daktari alikuwa ananiuliza maswali huku anavunja kichupa cha sindano. Nilimjibu. Nilivyomjibu nitaandika mwishoni, sasa hivi mkono haujataka.

Akamchoma pajani, akamchoma na nyingine ya mkononi. Baada ya muda filimbi ikashuka. Mama Wegesa alikaa sakafuni kwenye korido akilia bila sauti, kwa sababu alikuwa amesimama mlangoni na alimsikia daktari akimwambia nesi aandike: aleji, dagaa.

Walimlaza mpaka Jumatatu. Sindano zile zilimsinzisha, kwa hiyo maelekezo yote nesi alinipa mimi. Asile dagaa. Vidonge vyeupe vya kidonda kutwa mara tatu. Arudi Ijumaa, na kama kidonda hakijakauka ataanzishiwa sindano. Jina la sindano daktari alishaliandika kabisa kwenye kadi.

Nyumbani nilimuuliza shangazi, kwa ujanja, ile rangi mbili ya zamani ilikuwa na rangi zipi. Akaniambia nyekundu na njano, kama ile ile. "Nilikuonyesha dirishani." Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonimaliza, hakuwa na hasira hata kidogo. Akasema mtu yeyote hukosea, na kwamba safari hii afadhali daktari ameambiwa jina lenyewe na limeandikwa. Akaikunja kadi ndani ya pindo la kanga. "Sasa hata nikizimia, kadi itanisemea. Ulimwambia vizuri, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo.

Jana ameomba dagaa. Nikamwambia tulipumzishe tumbo kwanza. Akasema huyu mtoto amekuwa daktari kweli.

Kijiweni habari ilifika kabla yangu. Mwita akauliza, "Dokta, dagaa wa Mama Wegesa wako herufi gani?" Watu wakacheka. Mwingine akasema kwake hata chumvi hataazima tena. Mimi nilicheka nao. Si kwa sauti, lakini meno yalionekana.

Leo asubuhi shangazi kaniambia niende nikamwite Mama Wegesa, mbona haonekani, au kuna msiba. Nikaenda. Nilimkuta anapepeta mahindi, nikamwamkia, na badala ya kusema marahaba akaweka ungo chini. Akasema, "Nisamehe, mwanangu. Sikujua. Waliobaki nimewamwaga wote, hata kuku nimewanyima." Mwanamke aliyemshika shangazi kwenye pikipiki kwa mikono miwili bila yeye mwenyewe kushika popote, ananiomba mimi msamaha.

Nikamwambia, "Yameisha, mama. Tumshukuru Mungu."

Nilimsamehe.

Nimerudi, nimekaa uani, nikachukua simu. Nikaandika kwenye tovuti jina la ile sindano ya Ijumaa. Herufi J. Tawi la C. Ukoo wa penisilini, nyumba ya jirani kabisa na kidonge changu. Tovuti haijawahi kunidanganya, hata Jumapili haikunidanganya, mimi ndiye niliyeiuliza dawa isiyo ile ya shangazi. Na shangazi hawezi kuikataa hiyo sindano. Anachojua kukataa ni rangi mbili, na sindano haina rangi mbili. Atanyoosha mkono akiwa na amani, kwa sababu kadi imesema.

Kwa hiyo nikimaliza kuandika naingia chumba cha pili kumwambia. Ndiyo maana naandika ndefu. Kisha kwa Mama Wegesa, na huko sijui nitaanza na shikamoo au nitaanza na magoti. Ijumaa sisubiri; kesho asubuhi naipeleka kadi zahanati mwenyewe, na daktari akitaka kunifukuza anifukuze akishafuta neno dagaa. Hii nayo naichapisha hapa hapa kwenye ukurasa wangu. Kijiwe kizima kinanisoma, kuanzia Mwita. Haya, soma.

Sasa jibu langu.

Daktari aliniuliza mara mbili. Kwanza aliuliza amekula nini. Nikasema ugali na dagaa, na hilo ni kweli. Halafu akauliza, "Na dawa? Kuna dawa yoyote amekunywa leo?"

Shangazi alikuwa amelala pale, ulimi umejaa mdomo, hawezi kutamka, macho yote mawili yamefumba kwa uvimbe. Mkono wake ukautafuta wangu, ukaubana. Nilijua anataka nini. Alikuwa ananiachia mimi niseme.

Ningependa kuandika kwamba nilichanganyikiwa. Sikuchanganyikiwa. Kichwa kilikuwa kimetulia. Nilimwona Mama Wegesa mlangoni, nikamwona nesi, ambaye kaka yake yuko kijiweni kwetu, nikaliona jina la Dokta linavyochekwa kuanzia jioni ile mpaka nizeeke. Nilipima hilo na pumzi ya shangazi, na nikachagua.

Nilitikisa kichwa. Sikusema hapana, nilitikisa kichwa tu, ili yeye asisikie.