Taa Moja Isiyowaka

Kokuhirwa, usinipigie, nitalia. Soma tu.

Baba yuko migombani kapiga magoti, anapekua majani makavu. Na nguo zake za kanisani, waitu!

Unalikumbuka lile boksi la taa aliloliunda wakati marehemu mama anaugua, taa ndogo sitini na nne zimepangwa safu kwa safu? Moja haikuwaka kamwe. Sasa leo mume wangu Mwesiga katoka Bukoba na vifaa vyake, mkwe anataka sifa. Baba akiwa ibadani, akaikata ile moja, akalehemu mpya. Baba anaingia tu, Mwesiga kawasha: "Tata, tazama, zote zinawaka!"

Baba akakaa chini. "Ile aliiweka mama yenu."

Kumbe mama alipokuwa hoi, mikono inatetemeka, aliomba aweke moja tu. Akaiweka kinyume, na taa hizo ukizigeuza haziwaki. Baba aliliona kosa papo hapo. Aliliona, Kokuhirwa, akamwambia umefanya vizuri! Tangu tumzike, kila jioni akiwasha boksi anaitafuta kwanza ile isiyowaka. Na sisi tulidhani imeharibika.

"Iko wapi?"

Mwesiga akaonyesha nje. Alishafagia, takataka kazimwaga kwenye migomba, kama tunavyofanya siku zote. Pale pale karibu na kaburi la mama. Na kitu chenyewe ni kidogo kama punje ya mahindi.

Nimemwambia, "Tata, mvua hiyo inakuja, ingia ndani." Hata hakugeuka.

"Nenda wewe. Mimi nimezoea kuitafuta."