Mbabula ya Chuma ya Treni

Kamina, siku ya Mungu, mangaribi

Na lelo tena balianza! Bwana yangu, fundi wa treni ku gare, anasifu treni yake ya moshi. Rafiki yake Ajida, askari wa ku baze ya ndege, anasifu ndege yake ya zamani. Bote mbili banasema kitu ya zamani njo iko na roho. Bukari, ugali yetu, ikapoa ku meza.

Na minyi? Mbabula yangu ya makala ilivunjika muguu tangu Noeli, sufuria inaanguka kila siku. Bwana anasema tu: "Kesho, Mama Ilunga." Kesho gani?

Njo nikadanganya. Nikasema polepole: "Kumbe chuma ya hii mbabula ilitoka ku treni ya moshi, zamani, mbele inchi iitwe Zaïre."

Bwana akaruka. Ajida akaigonga na kidole: "Hapana, Baba Ilunga, hii iko chuma ya ndege!" Bakapiga magoti na nguo ya kanisa, bakabishana, bakasugua, bakafunga muguu. Sasa iko nguvu kuliko mupya.

Ile chuma iko ya pipa ya petroli tu, mbabula niliinunua ku soko.

Mungu anisamehe, asubui nilitoka kusali. Lakini paa ya jikoni inavuja sana. Nafikiri ile bati ilitoka ku ndege.