Mnada wa Kokoto

Mwanza

Mdogo wangu Somoe,

Assalaam aleikum. Magoti yako yanaendeleaje? Na mikorosho ya marehemu mama, imetoa maua? Mimi sikufichi: daktari ameacha kunipangia siku ya kurudi, na mwanangu Zainabu ananilisha uji kwa kijiko. Naandika kidogo, napumzika, naendelea.

Ujumbe wako nimeusoma. Mwalimu mkuu wenu, Bakari, alichungulia dirishani watoto wakicheza mnada wa korosho, akakuuliza mbele yao, “Mwalimu Somoe, hili ni darasa au gulio?” Amekupa wiki hii tu, kisha mchezo ukome. Unaniuliza ukubali au ubishane naye.

Kuna jambo nilimwahidi mtu kwamba sitalisema. Sasa nalisema, maana sina siku nyingi za kulitunza.

Nilipofundisha Nachingwea nilikuwa na mvulana ambaye msimu wa korosho haonekani shuleni. Akija, analala. Siku moja nikagawa kokoto ziwe korosho. Wengine wakawa wakulima, wengine wanunuzi, mmoja karani wa ghala. Nikafungua karatasi ambazo wanunuzi waliandika bei zao kwa siri, nikasoma ya juu. Wakulima wakaitikia, “Tunauza!” Yeye akapanda juu ya dawati.

“Hatuuzi! Haraka ya nini? Kwani kokoto zinaoza?”

Darasa likacheka, kisha likamfuata.

Baada ya kengele akanisubiri mlangoni. “Mwalimu, asilimia zinatafutwaje? Karani kanikata unyaufu, eti korosho zikikauka uzito hupungua, nahisi kanipunja.”

Hesabu hizo hizo nilikuwa nimemfundisha muhula mzima, hakuwahi kuniuliza neno.

Hakutoroka tena. Ila aliniomba nisimwambie mtu kwamba kilichomrudisha ni mchezo. Alitaka ijulikane ni akili yake. Nami, Somoe, nilitaka ijulikane ni ukali wangu. Basi tukanyamaza wote wawili.

Huyo ndiye Bakari.

Usimtajie barua hii, wala usimwaibishe. Kabla wiki haijaisha, mwite darasani, umwambie mkulima mmoja hajafika. Mkalishe na watoto, mpe kokoto zake. Kisha mtajie bei mbaya.

Nisalimie shemeji, na binamu yetu wa Nandagala anayetutunzia shamba. Zainabu anakuamkia shangazi yake. Akikupigia simu kabla hujanijibu, usihangaike kutafuta nauli ya kuja. Niombee dua huko huko, kisha uingie darasani.

Na Bakari akipaza sauti, nisikilizie na mimi.

Kaka yako akupendaye,
Hamisi