Jiwe la Orrin

Iowa, 4 Juni 1899

Mdogo wangu Asahel,

Natumaini huko Oregon hamjambo. Huku mahindi yameota vizuri, na yule ng'ombe mwekundu kazaa.

Kaka Orrin ametutoka Jumanne. Wewe ulikuwa ungali unanyonya tulipoletewa jeneza kutoka vitani, limepigiliwa misumari, eti yumo yeye. Baba akalizika, akachonga jiwe lenye jina la Orrin. Miezi minane baadaye Orrin akaingia jikoni akiwa na mguu mmoja, akauliza, "Mama, kuna chakula?"

Tangu hapo, kila siku ya kupamba makaburi ya askari, alipeleka maua pale. Jirani Tuttle alikuwa akimtania, "Mzee, unajizuru mwenyewe?" Naye akimjibu, "Namzuru mgeni wangu."

Alipozidiwa nilimwambia tutalichonga upya jiwe lile, liwe lake kweli. Akanishika mkono. "Lovina, usimnyang'anye mtoto wa watu jina. Hana lingine."

Nilikasirika, sikufichi, lakini nimetii. Tumemzika ubavuni mwa yule kijana, bila jiwe. Siku ukija, usidanganywe na maandishi. Kaka yako ni yule asiye na jina.

Dada yako anayekukumbuka,
Lovina