Pikapu au Gari la Viti Saba

Tarehe 4 Februari

Kwa mdogo wangu, Fundi Cherehani,

Hujambo? Shemeji yangu mwalimu hajambo, na wapwa zangu watatu? Mama je, anaendeleaje? Mimi ni mzima wa afya, mgongo tu ndio unanung'unika kwa kushinda chini ya magari ya watu.

Kaa chini kwanza, maana habari hii si ya kuisoma umesimama. Juzi tajiri wetu wa yadi aliniita ofisini. Nilijua kazi imekwisha, nikaenda hata mikono sijanawa. Akaniambia, "Miaka minne hujachukua likizo hata ya siku moja. Chagua gari." Nilidhani ananitania. Kumbe mwenzako yuko makini! Badala ya likizo zangu zote, amenipa nichague moja kati ya magari mawili yaliyokaa nyuma ya yadi tangu mwaka jana. Mpaka leo nikifika asubuhi naenda kuyagusa nione kama bado yapo.

La kwanza ni pikapu ya milango minne, ya kijivu, ya njia mbovu kabisa. Imeinuka, matairi ya meno, inavuta kwa magurudumu yote manne. La pili ni SUV nyeupe ya viti saba. Nayo inavuta kwa manne ukitaka, lakini ndani ni sebule.

Moyo wangu uko kwenye hiyo ya viti saba. Nimeshawapanga: shemeji kwenye usukani, maana ana leseni isiyo na gari tangu akuoe. Mama mbele, awapungie watu mkono dirishani kama mke wa waziri. Wewe na watoto nyuma, mpigane huko mnavyotaka. Lakini gari ni lenu, semeni ninyi. Tajiri anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu.

Na vile viatu nilivyomtumia mama mwezi wa kumi na mbili vilimtosha? Hukuniambia.

Ni mimi,
Kaka yako

*

Tarehe 19 Februari

Kwa kaka yangu mpendwa,

Shikamoo kaka. Sisi huku hatujambo sote. Shemeji yako anakuja nyumbani na chaki mpaka kwenye nyusi, watoto wanakula kama wameajiriwa kula. Mama hajambo, anakusalimu sana. Viatu vilimtosha.

Kaka, gari! Nilisoma barua yako cherehani ikiwa inakwenda, nikajishona kidole. Kweli kabisa, sindano ilipita kwenye ukucha. Shemeji yako aliisoma akaenda kukaa nje peke yake.

Tumeshauriana. Tunaomba pikapu.

Usishangae. Mimi nabeba majora ya vitambaa, na cherehani ya pili inataka kuhamishiwa dukani. Kuna mapipa ya maji. Na barabara ya kutoka hapa mpaka hospitali kubwa unaijua, mawe tangu unapoanza mpaka unapofika. Basi pikapu ndiyo yetu. Usibadilishe, kaka, tafadhali. Na uangalie bodi la nyuma liwe refu, utafute na turubai la kulifunika vizuri, lisiloingiza vumbi.

Ni mimi,
Mdogo wako

*

Tarehe 2 Machi

Kwa Fundi,

Hujambo, pamoja na hao wote wa nyumbani? Kidole kinaendeleaje? Mimi sijambo, ila barua yako imeniacha mdomo wazi.

Wewe? Wewe uliyekuwa ukitapika kwenye basi kabla halijaondoka, leo unataka pikapu ya njia mbovu? Nimeisoma barua mara mbili nikitafuta mahali ulipocheka, sikupaona.

Ngoja nikuambie kama fundi. Springi za nyuma za pikapu zimetengenezwa kwa ajili ya tani ya mzigo. Ukiweka majora mawili ya kitambaa haziyasikii kabisa. Gari linaruka, na aliye ndani anaruka nalo. Ile nyingine ina springi za koili, inameza mawe kimyakimya. Utanunua vitambaa mara moja kwa mwezi, lakini watoto na mama watapanda kila wiki. Sasa tuchague gari kwa ajili ya jora?

Halafu mama atapandaje kwenye pikapu iliyoinuka hivyo? Nimeshapata ngazi ya pembeni ya kumwekea kwenye SUV, akanyage mara moja tu yuko ndani. Muulize anapendelea kukanyagia mguu gani, niichomelee kimo kinachomfaa.

Na niambie ukweli. Kuna jambo gani? Tangu lini mshonaji akaulizia urefu wa bodi?

Ni mimi,
Kaka yako

*

Tarehe 15 Machi

Kaka,

Shikamoo. Watoto hawajambo, baba yao hajambo.

Mama hana mguu wa kukanyagia. Hasimami, kaka. Hakai pia. Ni miezi minane sasa amelala.

Alianguka mwezi wa saba, ametoka kuanua nguo, akateleza kwenye kizingiti cha jikoni. Nilikuwa dukani. Nilimkuta chini, nguo safi zote amezikumbatia zisichafuke. Mganga wa zahanati alimminyaminya nyonga, akasema ni uzee na mshtuko, akampa vidonge. Vidonge vikaisha, maumivu yakabaki. Mwezi wa kumi tulikodi teksi tumpeleke hospitali kubwa. Tulipojaribu kumkunja akae kwenye kiti alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu, akazimia mikononi mwa shemeji yako. Tukamrudisha ndani. Dereva wa teksi mwenyewe alikuwa analia.

Ndiyo maana naulizia bodi. Nilitaka tumtandikie godoro nyuma, tumfunike turubai, mimi nikae naye nimshike kichwa, twende mwendo wa mguu.

Utaniuliza kwa nini sikukuambia. Baba alipougua uliacha kazi siku ile ile barua ilipokufikia. Ulikuja, ukakuta baba ameshatutoka, na wewe ukakaa miaka miwili kwenye lile kochi ukiangalia ukuta. Mimi ndiye niliyekuwa nakuondolea sahani iliyojaa kama ilivyoletwa. Safari hii uliniandikia kwamba mkataba wa kudumu utatoka mwezi wa sita. Nikasema nitakuambia ukitoka. Nikaandika "mama hajambo" mara ya kwanza, mkono ukitetemeka. Mara ya nne haukutetemeka tena, na hilo ndilo linalonitisha.

Nitukane utakavyo. Ila tuma pikapu.

Mdogo wako

*

Tarehe 22 Machi

Mdogo wangu,

Sina salamu. Salamu zako nimezila miezi minane, nimeshiba.

Barua yako niliisomea kwenye shimo la kukagulia magari, na sijui nilitokaje humo. Wenzangu wananiambia nilikuwa nauliza, "Leo tarehe ngapi? Leo tarehe ngapi?" Nimepiga ile simu mbovu ya dukani kwenu mara tatu, inaita tu. Miezi minane! Mwezi wa tisa nilikuwa kwenye harusi ya mwenzangu wa yadi nacheza muziki. Nilicheza, unaelewa? Mama yangu amelala kwa maumivu na mimi nacheza.

Nilikuandikia kurasa nne za matusi, nikazichana. Zilikuwa nzuri. Nilikaa kwenye lile kochi kwa sababu nilichelewa kwa baba kwa siku sita. Wewe ukaona dawa yake ni kunichelewesha kwa mama miezi minane.

Sasa nisikilize. Pikapu hapana. Bodi la pikapu ya milango minne ni mita moja na nusu tu, miguu ya mama ingening'inia nje. Na hata lingekuwa refu, mama hasafiri nyuma kama gunia la mkaa, akikohoa vumbi chini ya turubai. Nimechukua ile nyeupe. Jana niling'oa safu ya viti vya nyuma, vya katikati nikavilaza, cha abiria cha mbele nikakisukuma mpaka mwisho. Nililala humo mwenyewe kifudifudi na chali, kijana wa tajiri akaniendesha juu ya mawe ya nyuma ya yadi. Kichwa kinatulia, nyonga inatulia. Lakini mimi ni mfupi na mama ni mrefu. Mpime tangu kisigino mpaka utosini, na upana wa mabega, unitumie haraka, nimtengenezee kitanda cha mbao kisichocheza.

Naendesha mwenyewe. Nitaondoka hapa alfajiri ya tarehe kumi Aprili, siku mbili njiani. Tajiri amenuna. Mkataba utanisubiri au hautanisubiri.

Barua hii naipa dereva wa lori la vipuri anayepita kwenu. Akirudi mpe vipimo.

Kaka yako

*

Tarehe 2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Mama ni mrefu wa mita moja na sentimita sabini na moja, mabega sentimita arobaini na mbili. Nimeanza na hivyo usije ukavikosa, maana yanayofuata mkono wangu hauyaandiki vizuri.

Niliingia chumbani asubuhi hii, dereva wa lori akisubiri nje, tepu shingoni. Hakushangaa, tepu iko shingoni mwangu siku zote. Alishangaa nilipoinyoosha kuanzia kisigino. Mama amelelewa na mshonaji na amezaa mshonaji, anajua hakuna nguo inayopimwa mpaka utosini. "Unanipima nini?" akauliza. Nami kwa upumbavu wangu, akili yote iko kwenye namba, nikamjibu, "Kaka ndiye ameagiza. Anatengeneza mbao, anataka kujua kama utaenea."

Kaka, nilisikia nilichosema baada ya kukisema.

Aliinyakua tepu akaitupa ukutani. "Jeneza! Mwanangu ananiagizia jeneza na mimi napumua!" Shemeji yako alikuja mbio na mswaki mdomoni. Nilijaribu kueleza gari, viti, springi, hanisikii, amenikazia macho. Ndipo akayatoa ya moyoni. "Nilikuambia umwandikie nimeanguka. Hakuja. Nikakuambia umwandikie siwezi kusimama. Akanitumia viatu! Viatu, mimi! Tangu siku hiyo nilitamka kwamba sina radhi naye, nilitamka kwa kinywa changu ndani ya chumba hiki, na leo narudia."

Nilipiga magoti bila kujua nimepiga magoti. Sikuwahi kulifikiria hilo. Mama hajui kusoma. Kila alichoniambia niandike nilikuwa naitikia "ndiyo mama," nikiketi mbele yake na kalamu, na kuandika kuwa hajambo. Zako nilikuwa namsomea, naruka unapouliza hali yake kama mtu asiyejua chochote. Nilikuwa najiona nakukinga wewe. Sikuona kwamba kila mwezi nilikuwa nakuua mbele ya mama yako.

Nikamwambia yote. "Kaka hajui. Hakuwahi kujua. Amejua wiki mbili zilizopita, na anakuja."

Akanichapa kofi, kwa mkono ambao mwezi mzima haujaweza kushika kikombe. Shemeji yako alitaka kumzuia, nikamwambia amwache. Mama akauliza, "Anakuja na nini?"

"Na gari, mama. Anaendesha mwenyewe siku mbili."

Kaka, sijawahi kuona uso ukibadilika hivyo. Hasira yote ilimtoka, ikabaki hofu tupu. Akaanza kutaka kuinuka, yeye asiyeweza kugeuka. "Anaendesha? Njia hiyo yote, na mimi nimetamka maneno yale? Mara mbili? Lete karatasi. Lete sasa hivi, huyo mtu wa lori asiondoke." Nilimtuma shemeji yako akazuie lori, amesimama mbele yake na mswaki wake.

Mama amesema niandike anavyotamka, leo nisiongeze changu wala nisipunguze. Nimemsomea mara tatu, na kila neno amelikagua kama anakagua mshono. Amelia, anasema nisiandike kwamba amelia. Haya ni yake:

Mwanangu. Dada yako amesema hukujua. Nimemwamini kwa sababu amelia kwa makamasi, na yeye akidanganya halii. Yale niliyoyatamka juu yako nimeyafuta leo asubuhi, nimeyafuta kwa sauti, mume wa dada yako ameshuhudia. Radhi zangu unazo zote, za kuzaliwa kwako na za leo. Usiwashe gari hilo kabla hujaisoma barua hii. Kama umeisoma umesimama, kaa uisome tena. Halafu uje. Njiani ukisikia usingizi, lala. Ukisikia njaa, kula. Mimi nimelala hapa miezi minane, siku mbili haziniui. Endesha polepole.

Mama yako