Waya Nilioushika Haukuwa na Moto

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, na kama una tabia ya kucheka wazee basi cheka sasa hivi, maana ukifika mwisho wa barua hii hutacheka. Mimi ni fundi umeme, mwaka wa arobaini na tano huu, shule sikuiona hata dirishani, kalamu ameishika fundi cherehani jirani yangu, mimi nasema yeye anaandika, na ameshaanza kuguna. Lakini niulize waya. Nyumba za mtaa huu karibu zote nimezitia taa mimi, na siku mashine ya kusaga ilipogoma wakaja mafundi watatu wenye vyeti, wakaifungua, wakaifunga, wakakuna vichwa, mimi nikaisikiliza tu kwa sikio kama daktari, nikaipiga teke moja, ikasaga. Fundi cherehani anasema yalikuwa mateke manne. Andika hivyohivyo, fundi, wivu huo.

Sasa sifa yangu kubwa pale kijiweni ni kwamba nashika waya wenye moto kwa mkono mtupu. Nimelisimulia hilo miaka na miaka, kwamba umeme unanusa woga kama mbwa, ukisimama juu ya ubao mkavu kwa mguu mmoja ukabana pumzi, unakupita ukienda zake. Wenzangu wananijibu, "Babu, punguza chumvi, wengine tuna presha," tunacheka, basi, kila mtu anarudi kwake na hakuna aliyeshika kitu.

Akaja mjukuu wangu wa kike na simu. Akasema babu maneno haya yanapotea bure, akawa ananirekodi nikifundisha, leo kufunga holda ya taa, kesho kutafuta shoti, na sijisifu, au najisifu kidogo, masomo yale yalikuwa mazuri, watu wakawa wanaandika kutoka nchi ambazo sijui hata ziko upande gani, wananiita Babu Kidole, wengine wanasema wamejifunza kwangu kuliko chuoni. Mshauri, mtu ambaye hajawahi kuitwa mwalimu maishani mwake, umwite mwalimu mara mia kwa siku, kichwa kinavimba kama puto. Siku moja mjukuu akaniambia, "Babu, wanaitaka ile ya waya." Ningeweza kusema hapana. Badala yake nikawasha taa ya sebuleni watu waone umeme upo, nikaizima, nikafungua kifuniko cha swichi, na mjukuu alipoinama kufuta kioo cha simu kwa upindo wa gauni, nikapitisha mkono nyuma ya pazia nikashusha meni swichi, ile inayokata umeme wa nyumba nzima. Mimi mwongo lakini si mjinga. Kisha nikapanda kwenye ubao, mguu mmoja juu kama korongo, nikaushika waya, nikatabasamu. Mjukuu alilia kwa kuniogopea, halafu akanikumbatia. Mpaka leo hajui.

Video hiyo iliangaliwa kuliko masomo mengine yote ukiyajumlisha.

Kuna binti mmoja, msusi, ana mtoto mchanga, alikuwa ananifuata tangu somo la kwanza. Mchana anasuka huku simu ameiegemeza kwenye kioo cha saluni ananisikiliza, alishaanza kuitwa na majirani kutengeneza soketi, na anaziweza. Mwezi uliopita alipanda kwenye ubao jikoni kwa shangazi yake, akabana pumzi. Mkono wake wa kulia umekatwa juu ya kiwiko. Hayo nimeyasikia kwa sauti yake mwenyewe, alinitumia akiwa wodini, mjukuu akaniwekea nisikilize: "Shikamoo mwalimu. Ni mimi mwanafunzi wako, yule msusi. Nilifanya kama ulivyoonyesha lakini umeme umenipiga, mkono wa kulia wameukata. Nimeirudia video yako hapa kitandani, kosa langu silioni. Naomba unielekeze nilikosea wapi, nikitoka nisirudie."

Hakunitukana, mshauri. Angenitukana ningejua pa kushika. Mjukuu yuko mbele yangu, kashika simu, anamngoja mwalimu ajibu, na huu mdomo wangu ukasema wenyewe, "Pole mwanangu. Labda ubao wako ulikuwa na unyevu."

Jioni akajibu. "Ahsante mwalimu. Kweli ule ulikuwa ubao wa jikoni. Nitatafuta mkavu. Mkono wa kushoto bado una nguvu, nitauzoeza."

Fundi cherehani ameweka kalamu chini hapo, imebidi nimbembeleze aiokote.

Nikisema ukweli, jina langu la miaka yote limekwenda, mjukuu sijui atanitazama kwa jicho gani, na ndugu wa yule binti wanaweza kunipeleka polisi. Nikinyamaza, matokeo yake unayajua mwenyewe. Wewe uliyesoma, nipe maneno ya kumwambia asiguse tena waya, ila yale ya nyuma ya pazia yabaki nyuma ya pazia.

Ni mimi,
Babu Kidole

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu, shikamoo. Salamu nimetoa, sasa nisikilize.

Maneno unayoyataka hayapo. Ukimwambia "acha" bila kumwambia kwa nini, atasikia kwamba mwalimu wake amemwona hafai, na mtu aliyeshapoteza mkono akidharauliwa hivyo atataka kukuonyesha kwamba anaweza. Atapanda ubao mwingine.

Najua hukumtakia mabaya. Ulizoea kijiwe, na kijiweni wapo wa kukugunia, kila chumvi yako ina mtu wa kuipunguza. Yule binti alikuwa na kioo cha simu tu, na hapo hapakuwa na wa kumwambia, "Huyu mzee mwache, ndivyo alivyo." Tena ulikuwa umemfundisha mambo mengi ya kweli. Alipotoka kujifunza kwako kufunga soketi sawasawa, kwa nini asikuamini siku ulipodanganya? Aliangushwa na ukweli wako, mzee, si uongo peke yake.

Lakini lile jibu la unyevu usilitafutie utani. Pale hukuwa unapiga soga. Ulimdanganya mgonjwa kitandani, ukijua, ukamtwisha kosa lako, naye ana mkono mmoja wa kulibebea.

Unaniuliza jina. Jina litachafuka, sikufichi. Polisi wakija, wafuate, ueleze yote. Mjukuu atakasirika, na ana haki, kwa sababu umemfanya awe mikono yako bila yeye kujua. Mwambie leo, kabla hajasoma hapa gazetini. Video hiyo aitoe leo leo. Kisha fundisheni upya: lifungue pazia, onyesha meni swichi, eleza ulichofanya, na sema nani ameumia kwa sababu ya uongo huo. Lakini hilo ni la baadaye. Kwanza nenda wodini, na simu ibaki nyumbani. Radhi hairekodiwi.

Wasomaji watauliza kwa nini nimeichapa barua hii. Nilimpigia fundi cherehani siku hiyohiyo ilipofika, akakupa simu. Nikakusihi uende. Ukasema utakwenda goti likipoa. Goti, mzee! Ukanieleza kwamba binti anaruhusiwa kutoka Alhamisi, nikakuambia gazeti linatoka Jumatano, na barua yako itakuwamo. Nikasikia cherehani tu ikienda. Basi imo.

Na wewe dada msusi, kama gazeti limekufikia kabla yake, au kuna mtu anakusomea: hukukosea kitu. Waya alioushika yeye ulikuwa umezimwa, wako ulikuwa na umeme, tofauti ni hiyo tu. Hakuna ubao, hakuna pumzi, hakuna ujasiri wa kuuzuia. Usijaribu tena. Ukiutaka bado ufundi, na nimeambiwa unauweza, mtafute fundi unayeweza kusimama karibu naye ukamuuliza, "Umezima wapi? Nionyeshe," na akikasirika, mwache, tafuta mwingine.

Mzee, mlango wa wodi unafunguliwa leo saa kumi alasiri. Binti atakuamkia kwa mkono wa kushoto, kisha ataanza kukuomba radhi kwa kukupa mkono wa kushoto. Usimwache aombe. Mwahi wewe.